Tangi la Kurudi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Imewaka! Stata ya kwanza tu. Land Rover ya jeshi, ya Baba. Aliiendesha kambini, ikastaafu, akainunua mnadani, na miaka hii ya mwisho mimi na yeye tukaifufua kwenye gereji ya fundi Were hapa Waithaka. Jumamosi itambeba yeye. Nimeapa nitamwendesha mwenyewe hadi shamba letu la Mutuini, ambako Mama anataka azikwe, karibu naye. Leo tumeijaribu njia hiyo. Tulipokata kona ya Mutuini – ikazima. Were amesafisha filta na kupuliza kabureta. Uchafu tu, amesema.

Jumanne, 10 Juni
Nimeenda nayo mjini kufuata kibali cha mazishi. Jam yote ya Ngong Road, haikukohoa hata kidogo. Nikajisifu! Jioni nikapitiliza kuelekea Mutuini, na Were kando yangu. Kona ile ile. Kimya. Were akapapasa chini ya kiti changu, akakuta koki ya kubadilishia tangi imegeuka kulia. Kulia hakuna kitu! Tangi la kulia lilioza, tukalitoa. Kuku wa Were wanatagia humo. Labda nimeigonga kwa kisigino. Were anasema ni ngumu, hata yeye huigeuza kwa spana.

Baba hakufurahi tulipolitoa, sasa nakumbuka. Alikuwa na sheria yake: tangi la kushoto ni la kwenda, la kulia ni la kurudi nyumbani, na haligusi mtu mpaka siku ya kurudi.

Jumatano, 11 Juni
Plagi mpya. Koki imefungwa kwa waya, imara. Nitalala.

Alhamisi, 12 Juni
Kona. Kimya. Koki kulia.
Waya haukukatika. Ulifunguliwa! Umekunjwa kikuku kidogo, ncha zimefichwa ndani, umewekwa kwenye dashibodi. Baba alikuwa akikunja hivyo kila kipande cha waya, kisije kikamchoma mtu. Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani muda wote. Were naye aliona. Akairudisha koki kushoto kwa spana, tukarudi gereji. Naogopa, na sitaki kumwogopa Baba.

Ijumaa, 13 Juni
Mama na Anko Kitheka, mdogo wake Baba, wamezozana tena. Anko: mtu wa Kitui huzikwa Kitui, kando ya baba yake. Mama: na mimi nitamtembelea lini huko? Isitoshe, Anko ameshakodi gari la maiti, eti la akiba, hiki chuma kikituaibisha njiani.

Were amenivuta kando. "Hii gari haina shida, Mukai. Nimeangalia kila kitu. Lakini kwetu ukibeba mtu, lazima uongee na yeye. Mwambie unampeleka wapi." Nimemwambia aache kunitisha. Sijamjibu vizuri, masikini.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeongea. Tulipotoka mochari nimesema kwa sauti, "Baba, tunaenda Mutuini." Jeneza nyuma, Mama kando yangu analia polepole. Kwenye kona nimeisikia koki ikigeuka – klik, karibu na mguu wangu. Nikangoja izime.
Haikuzima! Imevuta kuliko siku zote.

Sasa tuko shambani. Naandika hapa hapa kwenye kiti, nipate cha kufanya na mikono. Kaburi liko wazi. Wanaume wamesimama nyuma ya gari na hakuna anayeshika jeneza, kwa sababu injini bado inanguruma. Ufunguo nimeuchomoa, uko mapajani mwangu. Were ametoa betri. Amechomoa mpira wa petroli wa tangi la kushoto, akauziba, akarudi nyuma. Pasta amefunga kitabu chake. Anko hata hashangilii, amevua kofia tu.

Mama hajashuka. Anatazama barabara tuliyojia. Ameniuliza, bila kunigeukia, kama petroli inatosha kufika Kitui.
Ya tangi lipi, Mama?