Kanga Iliyokuteleza Begani

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo utaninunia hata huko uliko.

Hapa Kawe tupo. Baba siku hizi anakunywa chai bila sukari. Anasema ni amri ya daktari, ila tunajua ni uvivu wa kuinuka kuifuata. Kiti chako cha barazani hakuna anayekikalia.

Nimeanza kazi. Ile fiziotherapia uliyokuwa ukiwaambia majirani "mwanangu anasomea kukanda watu" ndiyo inayonilisha. Na kuna jambo limetokea kliniki ambalo lazima nikusimulie.

Aliletwa mama mmoja muuza vitenge wa Mwenge. Alikuwa ametolewa tezi shingoni ili ikapimwe. Majibu yalikuwa mazuri na kidonda kilifunga, ila mkono wa kushoto haukupanda tena kutundika vitenge. Wifi yake akaniwahi mlangoni: "Huyu anadeka tu, dokta. Kazi zote anatuachia sie." Mimi nilikuwa naangalia kanga ya mgonjwa. Inateleza bega la kushoto, anairudisha, inateleza tena.

Mama, nilikuona wewe.

Kuna msuli mpana unaitwa trapezi. Unaanza kisogoni, unashuka hadi katikati ya mgongo na kutandaa mpaka ncha ya bega, kama kanga uliyojitanda. Ndio unaolishikilia bega lisianguke, na ndio unaosaidia mkono kupanda juu ya kichwa. Mshipa wa fahamu unaouendesha unapita juujuu ubavuni mwa shingo, karibu na tezi. Kisu kikiugusa, msuli unasinyaa na bega linashuka.

Na wewe ulikuwa na kale kakovu shingoni, tulikokazoea tangu utoto wetu. Darasani uliandika nusu ya chini ya ubao, watoto wa nyuma wakawa wanasimama ili wasome. Kanisani walisema mwalimu ana maringo, kanga anaiachia makusudi. Wewe ukacheka: "Waacheni. Bega lenyewe ndilo linaloringa." Ukanunua pini, yakaisha. Hakuna aliyekuuliza kama linauma. Naumia sana nikiwaza hilo.

Yule mama nilimrudisha kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, kwa sababu mshipa huo ukiwahiwa unaweza kuungwa. Wakauunga. Miezi imepita, tunafanya mazoezi, na mkono uliokuwa unaishia begani sasa unafika usawa wa sikio. Juzi alitundika kitenge mbele yetu. Wifi yake alilia kuliko yeye.

Wewe hukuwahiwa, Mama. Nisamehe nikilisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Pumzika sasa. Nakuahidi, kila atakayeingia kwangu na kanga inayomteleza, nitamtazama shingo kwanza, maneno ya watu yatasubiri nje.

Kanga yako ninayo. Naifua na pini yake humohumo.

Mwanao,
Rehema