Wa Kunisimamia Ubatizo

Jumamosi jioni

Na Sista akaniuliza mbele ya darasa lote la dini, "Na wewe wa jikoni, kesho nani atakusimamia ubatizo?"

Wanafunzi wote wako na mtu. Mmoja akasema, "Bwana Mpishi, si sufuria yako ikusimamie?" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini...

Mimi ni mpishi tu wa shule hii, sina mtu hapa Kisumu. Bila msimamizi, Padri hatanibatiza.

Kuna Mzee Okoth, soja anayelinda geti la shule. Namuonanga akisali rozari peke yake. Kila asubuhi nampelekea uji, anasema "erokamano", asante ya Kijaluo, narudi jikoni. Hatujawahi ongea zaidi ya hapo.

Naogopa atakataa. Lakini wacha niende sasa hivi, maana akishafungulia mbwa wa ulinzi usiku hakuna mtu anafika geti mpaka asubuhi.