Inzi wa Chumba cha Juisi na Kigoda cha Mama

Duka la Juisi,
Mkabala na Fundi Baiskeli.
Jumapili, mvua imetulia kidogo.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Habari za huko na baridi yenu? Kifua kimepona? Usinijibu "kidogo kidogo" kama ulivyozoea. Sema kimepona au hakijapona. Sisi wazima. Shemeji yako ananenepa, wapwa zako wanamaliza viatu utadhani wanavitafuna, na magoti yangu yanalalamika lakini bado yananibeba.

Kwanza nikununie kidogo. Nilianza na beseni moja la machungwa kichwani ili wewe usome, nawe umesoma mpaka ukaajiriwa kulisha inzi wa matunda kwenye chupa. Mimi huku nawafukuza kwa kitambaa, wewe huko unawapimia chakula na mwanga. Nikiwasimulia wateja, wanadhani nakusingizia.

Safari hii hao inzi wako wameniweka pabaya. Tangu mvua zianze walijaa chumba cha juisi, hadi kwenye glasi za watu. Bwana afya akapita, akasema akirudi akawakuta, anafunga duka. Kila mtu akaanza kutafuta mchawi, na wote wakamwona Mama. Unajua bado anamenya maembe pale kwenye kigoda chake, na macho yake si ya zamani. Shemeji yako akasema maganda yanamponyoka. Nami nikapiga hesabu zangu: anayemenya ni mmoja, basi anayechafua ni mmoja. Nikamwambia Mama apumzike nyumbani. Alifuta kisu chake, akakiviringisha kwenye mtandio, akaondoka.

Inzi hawakupungua hata mmoja.

Ndipo nikakupigia, nawe ukauliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza: chumba kina unyevu kiasi gani? Ukanieleza kwamba funza akishashiba hutafuta mahali pa kujifungia kwenye kifuko kabla ya kuwa inzi, na hali ya chumba ndiyo humwongoza. Pakiwa pakavu, hujibanza karibu na chakula asije akakauka. Chakula kikiwa chapachapa na hewa nzito, hupanda juu asizame. Na akikuta wenzake wamebanana, huenda mbali zaidi, hasa penye giza.

Nikapanda ngazi na tochi. Karibu na kigoda cha Mama hapakuwa na kitu. Ila nyuma ya rafu ya juu, vijifuko vya kahawia vimebandikana kama ufuta kwenye mkate. Katika kila kumi, tisa vilikuwa juu ya kichwa changu. Walikuwa wanatoka kwenye pipa la makapi, ambalo mimi mwenyewe, kila nikifunga, nalimwagia ndoo ya maji pamoja na sakafu na kujisifu kwa usafi. Nawalowesha, wanapanda, nami nasugua chini.

Sasa makapi yanatolewa kila jioni, pipa linakauka, rafu nimeikwangua. Bwana afya alirudi, akaangaza macho, akanywa juisi ya nanasi, akaenda zake. Akili yako imeliokoa duka, hilo sikunyimi.

Nikamwendea Mama arudi. Nikamweleza yote, mpaka hiyo tisa kwa kumi. Alisikiliza huku akikunja nguo za wapwa zako, kisha akauliza polepole, "Na kama yangekuwa maganda yangu kweli?"

Mimi ninayejumlisha bila karatasi nikaanza kuhesabu vidole hapo mlangoni. Akasema atarudi siku nitakapokuwa na jibu. Wala hakukasirika, alinivuta mkono, akanishonea kifungo kilichokuwa kinaning'inia.

Nimewaza tangu hapo. Kesho nitamwambia kwamba angeendelea kumenya, nami ningekaa chini kando yake nikaokota. Wewe usimpigie kabla yangu ukanipokonya maneno. Nataka ayasikie kutoka kwangu, na kama hayatoshi, nitakaa hapo hapo mpaka nipate mengine.

Msalimie wifi, mbusu mtoto kila shavu, na yule rafiki yako mpishi mwambie asikuache ulale bila kula. Mungu akufunike kwa kila kinachokuja usiku na mchana, na kifua chako akikaushe kabisa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna.