Damu ya Kizibo

3 Machi

Baba,
Shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila nimefungiwa. Mwenzetu hapa kituoni ameambukizwa homa na mbwa, basi lango limepigwa kufuli, na sisi wenyewe tunapimwa. Kazi ni ile ile: mbwa wa mitaani wakiletwa, nawatoa damu mguuni, naangalia kama ina vijidudu. Mwenye navyo harudi mtaani, huchomwa sindano ya kufa. Nalala stoo, juu ya magunia ya chakula chao, nao wanabweka ukuta wa pili mpaka kichwa kinauma. Huyo Kizibo wako uliyemwokota barabarani asikulambe, tafadhali.
Binti yako

9 Machi

Mwanangu,
Marahaba, na pole kwa kifungo. Mgongo haujambo, sasa viungo vingine vinadai zamu yao. Usiku natoka jasho mpaka shuka linakamulika. Uzee tu. Kizibo ana adabu kuliko wajomba zako. Tangu mama yako atutoke, ni yeye pekee anayenisubiri mlangoni. Juzi katupa mimba, masikini. Niliwatoa watoto kwa mikono yangu, nikawazika nyuma ya choo.
Baba

13 Machi

Baba,
Shikamoo. Barua yako imenitisha: mbwa mwenye vijidudu hivi hutupa mimba, na anayemshika huanza kwa jasho la usiku na viungo kuuma. Nenda hospitali leo, umweleze daktari ulishika nini, la sivyo atakupa dawa za maumivu urudi ukalale. Ningekuja nikubebe, lakini askari wa langoni hataki hata kunisikiliza.
Binti yako

18 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Sikwenda. Ningemtaja Kizibo, wangemfuata. Na wamemfuata hivyo hivyo! Wakamataji wamemtupia kitanzi asubuhi, mimi natazama tu, miguu imegoma. Yuko kwenu. Mweusi, sikio moja limekatika. Mpimaji ni wewe, mwanangu. Sema ni mzima. Nakuomba.
Baba

20 Machi

Baba,
Shikamoo. Nilimtambua kabla hajashushwa garini. Alinipa mguu mwenyewe, hakuhitaji kushikwa. Nilichanganya tone la damu yake na tone la dawa ya kupimia kwenye kigae cheupe, nikakiinamisha huku na huku. Damu safi hubaki laini. Yake ilikatika chenga chenga kama maziwa yaliyochacha. Nikarudia, nikarudia tena, natamani niwe nimekosea.

Nikisema ni mzima, wewe utatibiwa uzee mpaka vijidudu vikufike moyoni. Nimesema ukweli. Dereva wetu anakuja na majibu haya, atakupeleka kwa daktari, usibishane naye. Kizibo nilimpakata mimi mwenyewe hadi sindano ikamlaza. Nimelia sana, Baba. Nisamehe.
Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Dereva alinipeleka, wakapima, wakakuta ugonjwa ule ule. Homa imeshuka. Daktari anasema ningechelewa kidogo tu, ungekuta mengine. Najua ulifanya lililo sawa. Lakini nina hasira nawe, sikufichi, kila nikimeza kidonge zinanipanda upya. Nesi aliniuliza nyumbani nakaa na nani. Nikaanza kumtaja Kizibo.

Lango lenu likifunguliwa, usije kwanza. Nitakuita.
Baba

20 Aprili

Baba,
Shikamoo. Natumaini dawa unameza. Damu yangu imeonekana safi, na leo wamefungua lango. Wenzangu wote wamebeba mabegi wakaenda makwao. Mimi bado nipo stoo, nasubiri uniite.
Binti yako