Mbolea, Sehemu ya Saba

Jumatatu, 18 Agosti
Kikao asubuhi. Jumamosi taifa linatimiza miaka sitini, mkurugenzi anataka kipindi maalumu. Sauti ya Dhahabu, mtangazaji wetu mstaafu, atakuja mwenyewe studio kusimulia alivyosoma taarifa ya Uhuru, ile ya saa moja asubuhi. Nikauliza, na kanda yake? Wakacheka. Kila mtu anajua ilifutwa. Enzi zile kanda zilikuwa adimu. Mkishatangaza, mnafuta, mnarekodi kingine juu yake. Basi atatafutwa mwigizaji aisome upya. Mwigizaji! Nimetunza maktaba ya kanda miaka kumi na tisa ili niletewe mwigizaji!

Jioni nikamwambia Shangazi. Kosa langu. Akaacha kumenya viazi. Eti wamwite yeye, maana taarifa ile aliisoma yeye, si yule kasuku.

Jumanne, 19 Agosti
Kazi haikwenda. Nawaza madai ya Shangazi. Alikuwa mpiga chapa wa chumba cha habari. Anasema Sauti ya Dhahabu alishangilia uwanjani usiku kucha, kulipopambazuka koo limekauka, hata neno halitoki. Taarifa ameipiga chapa yeye, ameikariri yeye — wakamsukuma kwenye maikrofoni. Hakuna harusi ya ukoo ambayo hajalisimulia hili. Tunamwita Waziri wa Habari. Na mimi nimecheka pamoja nao. Naona aibu.

Alhamisi, 21 Agosti
NIMEIPATA!

Nilikuwa naingiza kanda za kilimo kwenye kompyuta. Boksi limeandikwa: Mbolea ya Samadi, Sehemu ya 7. Nikalipita. Nikarudi. Mbolea ya Samadi ina sehemu sita! Daftari la maktaba nalijua kuliko tarehe za kuzaliwa za wanangu. Fundi fulani wa enzi hizo alijua hakuna atakayekuja kuulizia samadi, akaificha humo kanda ya Uhuru isifutwe. Popote alipo, abarikiwe.

Nikaiweka kwenye mashine. Mlio wa saa. Kisha sauti ya msichana — inatetemeka neno la kwanza tu, halafu inanyooka kama rula. Kuanzia leo nchi hii ni huru.

Shangazi! Na ile r yake ya kuburuza! Nimelia peke yangu katikati ya rafu, kamasi na yote.

Ijumaa, 22 Agosti
Mkurugenzi kaisikiliza mara tatu. Akakuna kichwa. Tutamvunjia heshima mzee wa watu, tuiweke kando kwanza. Nikamuuliza, na mama wa watu je, miaka sitini anaitwa mwongo? Fundi mitambo, ambaye kwa kawaida hata salamu anaitikia kwa kichwa, akasema kwenye mitambo yake mwigizaji hapiti. Mkurugenzi akanyoosha mikono. Haya, ila mzee asishtukizwe.

Simu nimepiga mimi. Nikamweleza mzee yote. Akauliza tu kama yule binti yu hai bado. Nikasema yupo, na mdomo anao. Akakata.

Shangazi hajala. Anajaribu magauni.

Jumamosi, 23 Agosti
Chumba cha mitambo, naandikia gotini. Shangazi yuko kando yangu, kakumbatia pochi. Sauti ya Dhahabu amekuja! Yuko ng'ambo ya kioo na fimbo yake. Hawajasalimiana.

Taa nyekundu. Kanda inazunguka. Nchi nzima inamsikia — nchi nzima! Simu za mapokezi zinalia zote kwa pamoja. Shangazi anatembeza midomo, anaifuata taarifa neno kwa neno, hakosei hata moja.

Imekwisha. Mtangazaji wa zamu anamuuliza mzee, ile ni sauti ya nani?

Sekunde tano za kimya hewani. Fundi mitambo kashika kichwa. Mzee anavua hedifoni. Anainuka — anaondoka? La. Anafungua mlango wa studio, anamtazama Shangazi, anamwonyesha kiti kwa fimbo. Kiti chake!

Shangazi kanitupia pochi. Anakwenda. Hakuna aliyempa karatasi, taa bado nyekundu, anasogeza maikrofoni kama aliiacha jana, anavuta pumzi —