Kifafa Kisicho cha Ukoo

Jumatatu, 6 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Jino limetulia? Mie mzima, ila mdomo unaniwasha, maana hapa nimekatazwa kuongea! Binti yangu kalazwa hospitali tangu jana. Mimba ya miezi minane, kichwa kinamgonga, macho yanaona nyota mchana, uso umevimba kama kaumwa na nyuki. Presha mia themanini kwa mia ishirini. Nesi mmoja mnene kafunga pazia, kasema makelele na mwanga vitamletea kifafa cha mimba. Kifafa! Nikamrukia: "Kwetu hakuna kifafa, uliza ukoo mzima!" Akasema, "Mama, gombana na ukuta, mwanao apumzike."

Kila saa anamgonga goti kwa kinyundo, anahesabu pumzi, anapima mkojo. Mkojo, mdogo wangu, unapimwa kama mafuta ya taa! Barua anakuletea mkwe wangu.

Dada yako

Jumanne, 7 Mei

Dada, shikamoo.

Sisi wazima, jino ndilo halina adabu. Dada, nimekosa. Barua yako niliisoma kwa sauti, mama mkwe wa binti yako akasikia. Sasa anasema tumemuoza mwanawe mgonjwa wa kifafa. Kakodi gari, kesho asubuhi anamtoa huko ampeleke kwa mganga. Nifanyeje?

Mdogo wako

Jumanne jioni

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Lizuieni hilo gari, hata kwa kulala mbele yake!

Nimemwendea nesi nimenywea. Kaniambia kifafa hiki si kile cha ukoo, wala si mapepo. Kinaletwa na presha ya mimba, na bado hakijamshika. Sindano anazochomwa ndizo zinakizuia, na kinyundo, pumzi na mkojo ni kuangalia dawa isimzidi. Akitolewa hapa, anaweza kufia njiani, yeye na mtoto. Kesho wanampasua wamtoe mtoto. Mumewe kasaini. Mwambie mama mkwe wake: mimi ndiye niliyeropoka nisichokijua. Anitukane mimi, mwanangu amwache.

Dada yako

Ijumaa, 10 Mei

Dada, shikamoo.

Kimya chako kinatuua. Nilimsomea barua yako, gari halikuja. Mama mkwe wake kakaa mlangoni kwangu tangu juzi, matusi yamemwishia, anauliza tu: "Kaandika?" Andika, hata neno moja.

Mdogo wako

Jumamosi, 11 Mei

Mdogo wangu,

Hamjambo wote, na huyo wa mlangoni? Nisameheni, niliogopa kuandika kabla sijajua naandika nini.

Mtoto wa kike! Kilo moja na nusu, anapumua mwenyewe. Baba yake kavua shati, kamfunga kifuani ampe joto, hataki hata kukohoa. Lakini mama yake siku mbili hakufumbua macho. Presha inapanda, inashuka. Nesi na kinyundo chake, goti kwa goti.

Leo asubuhi mia arobaini kwa tisini. Akafumbua macho. "Mama."

"Bee, mwanangu!"

"Yule wa kitanda cha dirishani, nasikia wanakuja wanaume wawili. Yupi mumewe?"

Umbea wetu umerudi! Nililia hadi nesi akaja mbio. Nilipomweleza, akacheka, halafu akanikazia macho: nisimjibu mpaka presha ishuke kabisa.

Dada yako, bibi wa mtu