Tundu Nililoliziba

Jumanne, Agosti 2018

Na nililiziba vizuri, hilo ndilo linaloniudhi. Kipande cha mbao, gundi, msasa, vanishi, hadi usione lilipokuwa.

Miaka kumi na moja natengeneza viti hapa Jeppestown. Nikiona tundu kwenye mbao, naziba. Kumbe lile la kwenye kitako cha bunduki ya kale, aliyoniletea mzee mmoja mwenye duka Randburg nikitengeneze kitako, halikuwa ubovu. Jioni amenipigia simu, sauti iko chini: "Fundi, tundu liko wapi?"

Akanieleza. Bunduki nyingi za aina hii, zenye mkono wa kukoki karibu na kifyatulio, hujazwa risasi ubavuni. Hii hujazwa kwa nyuma, kupitia kitako. Ndiyo maana ni adimu. Kesho asubuhi atalizibua mwenyewe dukani kwa drili.

Niliomba msamaha, akakata.

Eish. Ndipo nikakumbuka. Kabla ya kuziba niliitikisa, kitu kikagonga ndani. Nilidhani ni skrubu, nikaendelea na gundi. Sasa nadhani ni risasi.

Nimempigia mara nne. Simu imezimwa. Dukani kwake anafika saa mbili. Saa kumi na mbili alfajiri nitakuwa nimekaa mlangoni.